Neno Lisilo na Ukoo na Mahojiano ya Mama Selina

Nyinyi walimu wapya wa gumbaru mliokuja hapa kwangu Misikhu juzi, mkanywa chai yangu yote na kuniachia maganda ya njugu uwanjani, mliniuliza swali nikacheka badala ya kujibu. Mlitaka kujua ni kitenzi kipi cha Kiingereza kilichonitoa jasho kuliko vyote katika miaka niliyofundisha watu wazima. Nilicheka kwa sababu niliona kwenye nyuso zenu kwamba mnangoja neno refu, lile la kuvunja meno. Hapana, bana. Ni neno la herufi nne, na hata mtoto wa chekechea analijua, maana ndilo neno la kwanza ambalo mwalimu humfokea nalo: keep. Keep quiet! Nyamazeni!

Leo mvua imenifungia ndani, kwa hivyo nitawajibu. Nitaruka huku na kule, mnivumilie. Kichwa changu siku hizi hakifuati kalenda.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Barasa, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alinipokea Bungoma mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa bado na kiburi cha cheti kipya. Siku ya kwanza nilipanga somo langu vizuri, nikabeba kile kitabu cha watoto cha picha za paka amekaa juu ya mkeka. Nikasoma. Wanafunzi wangu, watu wenye wajukuu, wakanitazama tu. Mwishowe mzee mmoja akainua mkono.

"Mwarimu, huyo paka ni wa nani?"

"Si wa mtu, mzee. Ni paka tu."

"Sasa kama si wa mtu, sisi inatuhusu nini?"

Darasa lilivunjika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Barasa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, alinichukua kando na kunipa mafunzo ambayo chuo kilisahau. Usimuulize mtu mzima umri wake mbele ya watu. Anayechelewa kutoka sokoni usimuulize alikuwa wapi, mwonyeshe tu pa kukaa. Mama mwenye mtoto mgongoni mpe kiti cha karibu na mlango. Chaki ikiwa na unyevu, iweke mfukoni mwa suruali dakika kumi, itaandika. Na ukimwona mtu anashika kalamu kama jembe, usicheke, mwambie aishike kama anavyoshika sindano, au kisu cha kumenyea viazi, chochote ambacho mkono wake tayari unakijua. Haya yote nimeyatumia mpaka nilipostaafu na sijawahi kujuta.

Lakini Barasa alinifundisha na jambo moja baya, na ndilo nataka mlisikie. Alikuwa akiamini kwamba mtu mzima hawezi kujifunza lugha, anaweza tu kuikariri. "Mpe jibu," alikuwa akisema. "Mwimbishe. Usimsumbue na maana, maana itamfuata nyumbani yenyewe." Na kweli darasa lake lilikuwa linaimba! Ungepita barabarani ungedhani ni kwaya inajiandaa kwa Krismasi. Mkaguzi akija, Barasa anagonga meza mara moja kwa kipande cha fimbo, watu arobaini wanatoa jibu la kwanza. Akigonga tena, la pili. Mkaguzi anaandika sifa tupu, anakunywa soda, anaenda zake.

Niliuchukua mtindo huo mzima mzima, pamoja na kugonga meza.

Nilipohamishiwa Kitale nilipewa darasa Tuwan, katika ukumbi mdogo wa kanisa wenye madirisha matatu na mlango usiofungika. Wanafunzi walikuwa kama ishirini na tano: wauza mboga, wafua nguo, fundi wa baiskeli, masoja wa mchana. Nikaanzisha utaratibu wa kitenzi cha wiki. Jumatatu nilikuwa nikikiandika kitenzi kwenye kipande cha katoni na kukining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti, na wiki nzima kila mtu alete sentensi moja yenye kitenzi hicho kutoka kazini kwake. Si kitabuni. Kazini. Paka alikuwa amenifunza adabu.

Wiki ya keep ilianza kwa fujo. Mzee Ndiema, Msabaoti wa kutoka mlimani kule Kapsokwony, alikuwa soja, mlinzi wa geti, katika ua wa kuuzia mbao. Alikitazama kile kipande cha katoni, akavua kofia.

"Mwalimu, hilo neno nalijua. Liko kwa geti yangu."

"Limeandikwaje, mzee?"

Akaenda ubaoni, akachora herufi moja moja polepole sana: KEEP OUT.

"Na unajua maana yake?"

"Si ni jina la mwenye ua?" akasema. "Mimi nimemlindia miaka tisa. Watu wakiniuliza nimeandikwa kazi na nani, nawaambia kwa Bwana Kipauti."

Heh! Fundi wa baiskeli aliteremka kwenye benchi akakaa chini kabisa. Mzee Ndiema mwenyewe, nilipomweleza kwamba maneno yale yanawaambia watu wasiingie, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kofia. "Kumbe hiyo geti inafanya kazi yangu," akasema. "Na mshahara nachukua mimi!"

Basi siku zilizofuata sentensi zilikuja kama mvua. Mama wa mboga aliambiwa na mteja mmoja tajiri keep the change, abaki na chenji, na alikuwa amerudisha kila shilingi kwa kuogopa kuitwa mwizi. Fundi alikuja na kibao cha barabarani cha keep left, pita kushoto. Mwingine akaleta keep hens, kufuga kuku. Mwingine keep time, kufika kwa wakati, akatazamwa vibaya maana yeye ndiye aliyekuwa akichelewa kila siku. Tukapata keep a secret, kutunza siri. Tukapata keep walking, endelea kutembea. Kijana mmoja akatukumbusha kwamba hata kipa wa mpira jina lake limetoka huko huko, na hapo wazee wakasema sasa tumefika mahali panapoeleweka.

Nilikuwa nimejichimbia shimo. Kila siku neno lilikuwa na sura nyingine: kuweka, kufuga, kubaki, kuendelea, kutunza, kunyamaza. Ijumaa Mama Selina akauliza lile swali ambalo Barasa alikuwa amenikataza kulikaribisha darasani.

"Mwalimu, sasa maana yake ni gani? Moja tu. Ile mama ya hizo zingine."

Niwaambie huyu Mama Selina ni nani, maana habari hii ni yake. Jina lake la kanisani lilikuwa Agnes. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza. Alikuja Kitale kutoka upande wa Bungoma baada ya mumewe kufariki, akapanga chumba kimoja Kipsongo pamoja na Selina, mtoto wake wa mwisho. Alikuwa kibarua katika shule moja ya bweni ya wasichana nje ya mji, akisafisha mabweni na vyoo. Darasani alikaa mbele, hakuandika haraka, lakini alichoandika hakikufutika.

Sikuwa na jibu lake. Siku hizo hatukuwa na simu za kuuliza kila kitu. Simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea, na mara nyingi ya kupokea tu. Jumamosi nikaenda sokoni kwenye mitumba, na huko katikati ya makoti na viatu visivyo na wenzao nikapata kamusi nene ya Kiingereza, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi. Ilikuwa imeliwa na panya kwenye kona, lakini herufi ya K ilikuwa nzima. Niliibeba begani mpaka Tuwan.

Vijana, siku hiyo nilisoma ukurasa mmoja kama mtu anayesoma barua kutoka kwa mchumba. Kamusi ilisema keep ni neno la kale sana, na asili yake haijulikani kwa hakika. Maneno mengine ya Kiingereza yana ndugu katika lugha za jirani, unaweza kuwafuata mpaka kwa babu. Hili halina ndugu aliyethibitishwa. Na ilisema pia kwamba zamani, kabla ya kuwa na maana ya kuweka na kubaki na kitu, lilikuwa na maana ya kushika, na ya kutazama kwa makini, kukiangalia kitu ukikijali.

Jumatatu nikawaambia. Mzee Ndiema hakuamini.

"Halina ndugu? Hata shemeji?"

"Hata shemeji, mzee."

"Ala! Sasa hilo likitaka kuoa, ukoo wake utaulizwa kwa nani?"

Kwetu, kama mnavyojua, mtu akifika kabla hajapewa maji anaulizwa ukoo wake. Darasa zima likaanza kulihurumia neno la Wazungu kana kwamba ni yatima aliyeachwa stendi. Mama Selina peke yake hakucheka. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Wacheni kulicheka," akasema. "Limekuja bila ukoo na limepata kazi nyingi kuliko yale yenye ukoo. Mimi nalipenda." Halafu akanigeukia. "Na hiyo ya kutazama, Mwalimu, si ndiyo hata sisi tunasema? Nikienda dukani namwambia jirani, niangalilie mtoto. Si namwambia amtunze? Na neno ni kuangalia tu."

Nilisimama pale na chaki mkononi. Mimi mwenye cheti, mwenye kamusi ya kubeba begani, sikuwa nimeliona hilo. Nikamwambia, "Mama, kaa hapa mbele ufundishe, mimi nikae huko." Alidhani namtania.

Ningekuwa na akili ningeshika somo hilo siku hiyo hiyo. Lakini mtu akishapewa mtindo na mzee wake, kuuacha ni kazi.

Wiki chache baadaye Mama Selina alibaki nyuma baada ya darasa. Uso ulikuwa umemshuka. Metroni wa ile shule, mlezi wa wasichana mabwenini, alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na vibarua wote wa usafi walikuwa wameambiwa kwamba mwisho wa muhula wanaachishwa, kampuni fulani italeta watu wake. Nafasi iliyobaki ni moja tu, ya metroni, ya kudumu, yenye chumba cha kuishi ndani ya shule. Aliomba. Kwa sababu wasichana walikuwa wanamjua, mwalimu mkuu alikubali aitwe kwenye mahojiano pamoja na wengine wawili wenye vyeti. Mahojiano ni kwa Kiingereza, mbele ya mwenyekiti wa bodi.

"Nikikosa hii, Mwalimu, narudi kuzunguka kwa watu na beseni nikiuliza kama kuna nguo za kufua," akasema. "Na Selina yuko darasa la nane. Nisaidie."

Nikamsaidia. Haki ya Mungu, nilidhani namsaidia. Nilikaa siku mbili nikaandika maswali kumi na mawili ambayo bodi yoyote lazima iulize, na majibu yake kumi na mawili kwa Kiingereza kizuri, kile cha watu wanaovaa tai. Jina lako nani. Unatoka wapi. Una watoto wangapi. Umefanya kazi hapa kwa muda gani. Kwa nini unataka kazi hii. Na kuendelea. Kila jioni baada ya darasa nikawa namwimbisha. Nagonga meza kwa kifutio, anatoa la kwanza. Nagonga, la pili. Mwishowe sikuwa hata nasoma maswali, nagonga tu, majibu yanatiririka kama maji ya bomba. Mzee Ndiema alitupita siku moja akasimama mlangoni.

"Mwalimu, na wakiruka moja?"

"Hawaruki, mzee. Mimi nawajua watu wa bodi."

"Haya," akasema, akaenda zake. Nilimwona mzee anapenda sana kuingilia.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza Mama Selina mpaka shuleni, asubuhi, kukiwa na ile baridi ya Kitale ya kupuliza vidole. Alivaa rinda la kanisa na sweta aliyoazima. Tulipofika alipitia mabwenini kwanza, akarudi hana raha, kila mara anageuka kutazama upande huo. Nikamwambia, "Tazama mbele, Mama. Kumbuka ni kumi na mawili tu." Akaambiwa na karani akae kwenye benchi angoje. Alimwambia karani jambo, karani akamjibu kwamba mwalimu mkuu yuko na bodi, angoje zamu yake. Wale wawili wenye vyeti waliingia na kutoka wakitabasamu. Kisha akaitwa.

Nami nilifanya jambo ambalo sitaki mlifanye. Nilizunguka nyuma ya ofisi, mahali ambapo dirisha moja lilikuwa na kioo kilichovunjika, nikachuchumaa chini yake kati ya maua. Mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, na koti langu la harusi.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee wa sauti nzito, tena mpole. Alikuwa na tabia moja tu, na mimi sikuijua: akitaka kuuliza kitu, kwanza anagonga meza kwa kalamu.

Akagonga. "Mama, umefikaje leo asubuhi na baridi hii?" Yote haya kwa Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Jina langu ni Agnes Nasimiyu," akajibu Mama Selina kwa sauti kubwa na safi.

Kalamu tena. "Vizuri. Kwa sasa unafanya kazi gani hapa shuleni?"

"Natoka Kipsongo, hapa Kitale."

Mwenyekiti akagonga. "Kwa nini unataka kuwa metroni?"

"Watatu. Wawili wamekwisha oa."

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga kelele kupitia lile tundu la kioo, Mama, sikiliza swali kwanza! Lakini kalamu ilikuwa inagonga tena.

"Ukigundua kwamba msichana ameruka ua na kutoroka shule, utafanya nini?"

"Miaka sita," akasema Mama Selina, "na nimefurahia kila siku."

Kuna mtu ndani alikohoa namna ya kuzuia kicheko. Nikasikia mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya taratibu, akisema, "Asante sana, Mama Agnes. Tumekusikia. Tutakujulisha." Mnajua maana ya tutakujulisha. Mimi pale chini niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Hakuwa amechemka yeye. Nilikuwa nimemchemsha mimi, kwa mikono yangu, na kifutio changu.

Nikangoja kusikia kiti kikisogea. Hakikusogea.

"Madam," akasema Mama Selina, kwa Kiswahili sasa. "Yale majibu yalikuwa ya Mwalimu, na yamekwisha. Kiingereza changu mwenyewe ni kidogo. Naomba niseme hicho."

"Sema," akajibu mwenyekiti. Wala hakugonga.

Akakisema. Hakikuwa na viunganishi, hakikuwa na wakati uliopita wala ujao. Alikuwa na kitenzi kimoja cha kumbeba, akakipanda. I keep girls, akasema. Mimi natunza wasichana. Metroni wa zamani alikuwa na funguo, mimi sina funguo, lakini ninafagia chini ya kila kitanda, kwa hivyo ninaona. Akawaambia neno hilo zamani lilikuwa la kutazama, hata Wazungu hawajui ukoo wake, na yeye kazi yake ni hiyo ya zamani. Halafu akasema, pole pole, akitafuta kila neno:

"Bweni la chini. Kitanda cha kumi na moja. Huyo msichana tangu juzi amevaa sweta mbili, saa sita mchana, jua linawaka. Githeri ya mchana hali, anampa mwenzake. Leo asubuhi nimemkuta amekaa sakafuni, ananiambia ni baridi tu. Si baridi. Mkono wake ni moto."

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Mwalimu mkuu alikuwa ameshasimama, nilisikia kiti.

"Nilikuja, Madam. Nimeambiwa ningoje intavyuu."

Mlango ukafunguka kwa nguvu na wote watatu wakatoka mbio mbio kuelekea mabwenini. Mwenyekiti, kwa sababu ya umri, alipita njia ya mkato nyuma ya ofisi, akanikuta nimechuchumaa kwenye maua yake.

"Na wewe ni nani?" akafoka kwa Kiingereza.

Vijana, mimi nimefundisha lugha hiyo miaka mingi. Nilisimama nikampigia saluti na kumwambia kwamba ninaishi Tuwan. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea.

Nikawafuata. Tulipofika, Mama Selina alikuwa tayari anatoka na msichana mgongoni, msichana mkubwa wa kidato cha pili, miguu inaburuta, kichwa kimelala begani mwake. Hakungoja machela wala nini. Kiatu kimoja cha mtoto kilianguka kwenye ngazi. "Mwalimu, shika hicho kiatu!" akaniambia akipita, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyofanya siku hiyo. Niliingia nyuma ya pikapu ya shule iliyompeleka hospitali, nikiwa nimekikumbatia.

Ilikuwa malaria, aliyotoka nayo likizoni kwao kando ya ziwa, na ilikuwa imempanda vibaya. Watu wa huku juu penye baridi hawaiogopi sana, ndiyo maana huwapita wengi bila kuonekana. Daktari alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alimwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto ataishi, lakini wangengoja mpaka kesho asingeweza kuahidi hivyo. Mwalimu mkuu aliegemea ukuta.

Nataka mnisikilize hapa, kabla sijamaliza. Nyinyi mna simu, mna picha, mna programu za kumsomea mtu neno kwa sauti ya Mwingereza halisi, na ni vizuri, mimi sina wivu. Lakini naona kwenye hizo simu zenu bado mnagonga meza. Mwanafunzi anabonyeza, jibu linatoka, nyota inawaka. Mimi tangu siku ile sikuwahi tena kumpa mtu mzima jibu la kukariri. Nilimpa neno moja, nikamwacha alipeleke kazini kwake, halafu nikamuuliza amekutana na nini huko. Kazi inakwenda polepole, na mkaguzi hafurahii, kwa sababu hakuna kwaya. Alinipa alama mbovu miaka miwili mfululizo. Nikazipokea.

Tulikaa pale kwenye korido mpaka mchana. Mama Selina alikuwa kwenye benchi, rinda lake la kanisa limeloa jasho mgongoni pale msichana alipokuwa amelala. Nikamwendea nimuombe msamaha. Mwalimu mkuu akanitangulia. Alisimama mbele yake, akasafisha koo.

"Mama Agnes," akasema, "jioni ya leo wasichana hawana mtu wa kuwaangalia. Nenda Kipsongo ukachukue blanketi na umlete mtoto wako. Kile chumba cha metroni kiko wazi, nitamwambia karani akupe ufunguo. Barua utaipata Jumatatu." Halafu akaenda kupiga simu kwa wazazi wa msichana.

Mama Selina hakusogea. Alibaki akimtazama mgongoni mpaka alipopinda kona. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kuamka:

"Mwalimu, hiyo ndiyo kusema nimepita?"

"Ndiyo, Mama. Umepita," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya manesi, wala sikuyaficha.

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika mara mbili tatu. Halafu akajifuta uso kwa sweta ya kuazima, akasimama, akaninyooshea mkono.

"Basi lete hicho kiatu. Mtoto akiamka atakitafuta."

Akaingia nacho wodini.